Kokoto za Njia ya Leba

Wanaume walipoondoka na jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki uani kwa marehemu Fundi Ramadhani, hapa Kasulu mjini, tumekaa kwenye mikeka, na mimi badala ya kulia nikawa naangalia njia. Ndiyo, njia. Toka getini mpaka mlango wa jiko, kokoto za mtoni, za kahawia na nyeupe, alizozimwaga mwenyewe na kuzigandisha kwa gundi ya maji kabla hajathubutu kuipeleka kazi ile kwa mteja yeyote. Watu wa msiba walikuwa wamepita juu yake tangu alfajiri, masufuria makubwa yalikuwa yameburutwa juu yake, na hakuna hata kokoto moja iliyong'oka. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza, "Mama Joy, marehemu alikuwa ndugu yako?" Nikamwambia hapana, alikuwa fundi wangu. Akanitazama usoni, akatazama na rozari yangu shingoni. Nilitaka kumweleza nikakosa pa kuanzia, maana habari yangu na Fundi Ramadhani inaanzia kwenye woga, na woga wa mwaka ule sijawahi kumsimulia mtu toka mwanzo mpaka mwisho.

Niseme wazi mapema: mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa ng'ombe, naogopa simu ikiita saa isiyo yake. Wengine wakishazaa na kushika maisha yao woga unawatoka. Mimi nina watoto, nina kazi yangu ya bustani na njia ambayo watu wa hapa wanaijua, na bado mawingu yakikusanyika upande wa Buhigwe naanza kuita watoto mmoja mmoja waingie ndani. Habari za ukoo wetu, tulitoka wapi na tulivuka nini, ziacheni. Huku kila nyumba inazo na zote zinafanana. Mwaka ninaousema ni ule ambao kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilikuwa imefunguliwa tena, malori yanapita Kakonko kutwa nzima yamejaa watu na mabunda, na mimi ni msichana niliyemaliza shule bila kujua kinachofuata. Dada yangu Domitila, ambaye sote tulimwita Domi, alikuwa ameolewa Kibondo. Mara mbili alikuwa amebeba mimba mpaka mwezi wake, na mara mbili mtoto alizaliwa hapumui. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na nyumbani hakuna aliyethubutu kuitaja kwa sauti.

Daktari wa Kibondo alisema safari hii asisubirie nyumbani. Aende kwenye kituo cha afya kilicho juu ya kilima, njia ya Kakonko, akakae kwenye nyumba ya kusubiria, ile tunayoiita chigonela: wajawazito wa mbali na wenye matatizo wanalala pale wiki zao za mwisho, karibu na wakunga, na kila mmoja anakuja na mtu wake wa kumpikia na kumfulia. Mtu wa Domi nilikuwa mimi. Chumba kilikuwa kirefu, vitanda vya chuma pande zote mbili, neti za bluu zimefungwa mafundo juu yake mchana kutwa, na sisi wapishi tukitandika mikeka yetu katikati. Palinuka dawa ya kusafishia sakafu na ndizi mbivu, kwa sababu kila aliyetembelewa aliletewa ndizi na hakuna aliyezimaliza. Jiko lilikuwa nyuma, banda la bati jeusi kwa moshi, na migomba ya kituo iliyotandazwa nyasi kavu mashinani. Nilimpikia dada ugali wa muhogo na dagaa, nikampikia maharage na mawese jinsi alivyopenda tangu utoto, naye alikuwa anakula kwa kuniridhisha tu. Alikuwa anamega tonge, analizungusha mkononi, ananiuliza, "Leo, umekula wewe?" Jina langu ni Leokadia. Nikijibu ndiyo, analirudisha tonge sahanini. Usiku na mchana mkono wake mmoja ulikuwa tumboni, anasikiliza kama kuna anayecheza.

Mpishi aliyetutawala wote pale jikoni alikuwa Bi Sefroza, mama wa Munanila aliyemfuata binti yake aliyeolewa huku. Mungu anisamehe, yule mama nilimchukia. Hakuwa mbaya; mdomo wake tu haukuwa na mlango. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo huku anasimulia vifo. Nani alitokwa damu, nani alichelewa, nani alipiga mluzi akiwa na mimba. Siku moja niko nje ya dirisha la chumba chetu, upande wa jiko, naanika nguo, nikamsikia anamwambia mwenzake, "Yule wa Kibondo tumbo limeshuka mno. Na wale wawili wa kwanza waliondokea hapo hapo. Mimi sisemi kitu." Alikuwa ameshasema! Nikachungulia ndani. Domi alikuwa kitandani amegeukia ukuta, macho wazi, na nilijua amesikia kila neno. Nikataka kuingia jikoni nimwage yale maharage, lakini sikuingia. Mtu mzima yule, na mimi mwoga. Nikabana nguo kwenye kamba nikaenda kuchota maji.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hata Bi Sefroza alikisema kwa sauti ya chini, nacho ni njia. Nyumba yetu ilikuwa juu, leba iko chini, na kati yake kuna mteremko. Mfadhili mmoja aliona tope la pale halipendezi, akaleta malori ya kokoto za mtoni, za mviringo, laini, zikamwagwa toka juu mpaka chini. Kwa macho zilikuwa nzuri kweli. Kwa miguu zilikuwa balaa. Ukikanyaga zinabingirika, na ukiteleza huna pa kushika: kulia ukuta mtupu wa stoo, kushoto mtaro wa maji ya mvua wenye kina cha kumzidi mtoto. Muda mfupi kabla hatujafika, mwanamke mmoja aliyeshikwa na uchungu aliteleza pale akaangukia mtaroni. Wakamtoa, gari likampeleka Kibondo, na pale kituoni habari zake zikaishia hapo. Kila mtu alimalizia kwa kadiri ya hofu yake. Matokeo yake wanawake wakaanza kuficha uchungu. Mvua ikinyesha mtu anauma meno, anasema bado, bado, ngoja ikatike, na mmoja alizalia kitandani pale pale sisi tukimshikia kanga kama pazia. Nesi Paskazia, aliyekuwa mkubwa wa leba, alitupigia kelele mpaka sauti ikamkauka. "Mnataka kuniulia watu humu? Mkiumwa semeni!" Nilikuwa namwangalia dada namna anavyoiangalia ile njia kupitia mlangoni, nikaapa moyoni kwamba siku yake ikifika nitambeba mgongoni. Na dada alikuwa mnene kuliko mimi mara mbili.

Ndipo akaja Fundi Ramadhani, ameitwa na kituo kuishughulikia ile njia. Alikuja na pikipiki ya kukodi, amefungasha madumu meupe nyuma na mbele, kofia kichwani, mwembamba, mtu wa Kasulu mwenye asili ya Ujiji. Miaka yote alikuwa fundi wa sakafu na rangi. Hii gundi alitumiwa na mdogo wake mwenye duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, akaijaribu kwake, ikakubali. Ilikuwa nyeupe na nzito kidogo, ukiiona dumuni huwezi kuitofautisha na maziwa. Unaimwaga juu ya kokoto inapenya mpaka chini, inazishikamanisha pale zinapogusana, halafu ikikauka weupe unapotea kabisa, huoni kitu ila mawe yanayong'aa kidogo, na maji ya mvua yanapita katikati kama kawaida. Alipoeleza hivyo barazani, Bi Sefroza akasonya. "Dawa hiyo itaingia tumboni kwa pua," akasema. Palepale madirisha yakafungwa na wajawazito wote wakajifunika kanga puani. Fundi hakubishana. Akachovya mkono wote dumuni, akauinua juu ukaukie juani huku anapiga soga, kisha akaubandua ule utando taratibu kama ganda la kitunguu, mkono mzima. Watoto wa wauguzi walishangilia. Bi Sefroza akasema, "Mkono wake huo, si tumbo la mwanangu," na madirisha yakabaki yamefungwa.

Fundi alihitaji mtu wa kuosha kokoto. Zote zilitakiwa zikusanywe, zichekechwe, zioshwe udongo wote uishe, zianikwe kwenye turubai, kisha zirudishwe. Akauliza kati yetu wapishi nani yuko tayari. Nikanyoosha mkono bila kujijua. "Wewe binti," akaniuliza, "unaogopa nini? Unatetemeka." Nikamwambia ukweli, naogopa ile njia, dada yangu atapita pale. Nilidhani atanicheka. Akasema, "Haya, wewe ndiye wangu. Asiyeogopa anaosha nusu. Gundi ikikuta udongo inashika udongo, jiwe inaliacha." Basi kila siku nikishampikia dada nilikuwa kwenye karai, mikono imekunjamana kwa maji, naosha kokoto moja moja kama mtu anayeosha mchele wa wageni. Mchana mawingu yanakuja, tunakunja turubai mbio, mvua inanyesha, kesho tunaanika upya. Zilikuwa mvua za mwishomwisho, zile zisizojulikana zitaisha lini, na mimi nilikuwa nashindana nazo. Nilitaka njia ile ishike kabla siku za dada hazijafika. Sikutaka kitu kingine chochote duniani. Domi alianza kutoka mlangoni, anakaa kwenye kigoda, ananitazama. "Leo unazibembeleza hizo kokoto," akasema siku moja, na akacheka. Kicheko chake nilikuwa sijakisikia tangu mwaka uliotangulia, nikainamia karai ili asione machozi.

Tulianza na bustani kwanza, nipate mkono. Mbele ya leba kulikuwa na vitalu vya maua vilivyotandazwa maranda na magome ya mti, na kuku wa walinzi walikuwa wanayachakura kutwa yakajaa mpaka mlangoni kwa wagonjwa. Fundi akaichanganya gundi na maji ikawa nyepesi, akaijaza kwenye bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa kwenye kahawa, akanivika. Nikapuliza mpaka matandazo yakalowa, tukaacha yakauke. Kesho yake jogoo akaja kwa majivuno yake kama kawaida, akachakura mara moja, hakuna kilichoruka. Akachakura tena kwa nguvu. Akasimama, akainua mguu akauangalia. Nesi Paskazia alicheka mpaka akajishikilia mlango, na kuanzia hapo alinisalimia kwa jina. Ile furaha ndogo ninaikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa ya kwanza, na kwa sababu jioni yake dada alianza kuumwa kiuno. Alisema ni kawaida. Nilimwuliza mara nyingi mpaka akakasirika.

Siku ya kumwaga kokoto, mbingu ilikuwa safi. Fundi aliinusa hewa, akaangalia milima ya upande wa Burundi, akasema, "Bismillahi, leo." Tulitumia keni za kumwagilia bustani zenye vitundu vidogo, yeye akianzia juu, mimi nikimfuata na kumpa keni iliyojaa, tukirudi kinyumenyume kuteremka, na njia yote ikageuka nyeupe nyuma yetu, yaani mbele yetu, maana tulikuwa tunaitazama. Tulimaliza jua bado kali. Juu palikauka upesi. Chini, kwenye kivuli cha ukuta wa stoo, weupe ulikawia. Fundi akafunga kamba ya katani mwanzo na mwisho, akaning'iniza tawi la mwarobaini. Akawakusanya wanawake wote. "Mama zangu," akasema, "asikanyage mtu mpaka kesho magharibi. Mwenye uchungu apitishwe nyuma kwa machela, japo ni mzunguko mrefu, nimeshaongea na nesi." Wakaitikia, ndiyo fundi, tumesikia. Akapanda pikipiki kwenda kulala Kakonko. Hakuna aliyemsikia akisema neno lolote kuhusu maji. Angelisema kwa nini? Maji ya nini?

Sasa nieleze, kwa anayetoka mbali. Kwetu siku haijaanza mpaka uwanja ufagiwe, na uwanja haufagiwi mkavu. Unachukua ndoo, unanyunyiza maji kwa kiganja huku na huku ili vumbi lilale, ndipo unashika ufagio wa chelewa. Msichana anafundishwa hilo kabla hajafundishwa kusonga ugali. Mgeni akikuta uwanja una michirizi ya ufagio na unyevunyevu anajua nyumba ina watu. Hata leo nikimaliza njia ya mteja hapa Kasulu, neno langu la kwanza ni hili: wiki nzima msinyunyize maji asubuhi. Wageni wa kutoka Dar wananishangaa, nani anamwagia maji kokoto? Wenyeji wanaelewa, na mama wa nyumba huwa anacheka kwa aibu maana alikuwa tayari ameshika ndoo.

Asubuhi ile nilikwenda bombani mapema. Domi nilimwacha amelala, na alikuwa amelala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu tufike, mdomo wazi kama mtoto. Niliporudi na ndoo kichwani nikasikia ufagio. Shwa, shwa, shwa. Sauti ile tunaisikia kila asubuhi ya maisha yetu, haimshtui mtu. Nikazunguka kona ya jiko. Tawi la mwarobaini lilikuwa limewekwa pembeni kwa adabu, kamba imeshushwa, na katikati ya mteremko alikuwa dada yangu, ndoo miguuni, ufagio mkononi, ametangulia kunyunyiza maji mbele yake na kuyafuata. Kwa miezi mama mkwe wake alikuwa amemkataza kuinama, amemkataza kushika hata kijiko, na asubuhi ile aliamka na nguvu, akaona njia aliyoitengeneza mdogo wake imekauka inang'aa, akaona haifai kuachwa na vumbi siku yake ya kwanza. Aligusa kwa kidole cha mguu, juu palikuwa pagumu kama sakafu, akateremka nayo. Lakini chini kivulini hapakuwa pameshika, na maji yake yalikuwa yameshatangulia huko. Weupe ulikuwa umerudi. Gundi ilikuwa inatiririka kama maziwa yaliyomwagika, na kokoto chini ya ndara zake zilikuwa zinaondoka, polepole, moja moja, kuelekea mtaroni.

"Leo," akaniita, si kwa kelele, "mawe yanatembea."

"Usisogee!" Ndoo yangu sijui niliitupa wapi. "Dada, usisogee, Mana yanje, usisogee!" Nilisema jina la Mungu kwa lugha ya mama kama kila mtu wa kwetu anapoishiwa. Nilitaka kukimbia kumfuata na nilijua nikikimbia nitayasukuma yale mawe yamwangukie miguuni. Nikabaki nimesimama pale juu kama mti. Hapo ndipo nilipomwona Bi Sefroza anatoka jikoni na mwiko mkononi. Aliangalia mara moja tu. Nikasubiri aseme jambo la kifo, namna alivyozoea. "Nyasi!" akapaza sauti. "Nyie, leteni nyasi za migombani! Zote! Wewe Domitila, usikae, ukikaa utakwenda na mtaro. Simama hivyo hivyo, mwanangu, angalia ukuta." Wanawake wakatoka na matumbo yao, wakapanga mstari toka migombani, wakawa wanapokezana nyasi kavu mikono mitupu, matandazo yote ya ile migomba. Bi Sefroza akanisukuma begani. "Wewe ndiye mwepesi. Piga magoti. Tandaza."

Nilipiga magoti. Nilitambaa kichwa mbele kuteremka, natandaza nyasi, nazigandamiza kwa viganja mpaka zinashika kwenye ile gundi, nasogea. Mikono ilinata, magoti yalinata, nyasi zilinijaa mpaka nyusi. Kila kokoto iliyobingirika kuingia mtaroni nilisikia inavyotua. Nyuma yangu wanawake walikuwa wanasema buhoro, buhoro, polepole, kwa sauti moja, kama wanaimba. Nilipofika miguuni pa Domi nikaona amelowa mpaka visigino. Nikadhani ni maji ya kunyunyizia. Nikaangalia ndoo. Ndoo ilikuwa imesimama wima pembeni yake, haijamwagika hata tone. Nikainua uso nikamtazama, akatikisa kichwa kukubali. "Maji ya mtoto yametoka sasa hivi," akasema. "Leo, nimeyafagia mwenyewe. Nimemuua na huyu." Nikamwambia nyamaza, nyamaza, na nilimwambia kwa ukali ambao sijawahi kuutumia kwake kabla wala baada ya siku ile.

Kurudi juu hakukuwa na maana tena. Tulikwenda chini, kwenye kivuli, pale pabaya kuliko pote. Nilitambaa ubavuni mwake, nikatandaza mbele, akakanyaga. Nikatandaza, akakanyaga, mkono wake mmoja kwenye ukuta wa stoo, mwingine umenishika nywele, maana ndizo zilizokuwa karibu. Uchungu ukimjia anasimama, ananivuta nywele, mimi nagandamiza nyasi na kuhesabu pumzi zake. Mara moja mguu wa kushoto ulimtoka. Nilisikia jinsi wanawake wote juu walivyovuta pumzi. Nikaukumbatia ule mguu kwa mikono miwili nikaulalia mpaka ukatulia. Nesi Paskazia alikuwa ametusubiri chini kwenye simenti, mikono ameinyoosha, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. Akampokea, mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Sikwenda kunawa. Gundi ilinikauka mikononi pamoja na nyasi zake, vidole vikawa vigumu, navitazama kama vya mtu mwingine. Bi Sefroza alikuja akakaa kando yangu, na alikaa kimya, jambo lililonitisha kuliko hadithi zake zote. Baadaye Fundi Ramadhani akafika. Nilisikia pikipiki, nikasikia inazimwa. Alikuwa anaitazama njia yake: juu nzuri, katikati imevurugika, chini nyasi tupu zenye alama za miguu. Akateremka kwa kuzunguka nyuma. "Nani kamwaga maji?" akauliza. "Sisi," akajibu Bi Sefroza, "tulikuwa tunafagia." Fundi akaangalia mikono yangu, akaangalia mlango wa leba. "Yumo humo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akavua kofia yake, akakaa chini kwenye simenti. "Nilisema wasikanyage," akasema, kama anajisemesha mwenyewe. "Maji sikusema. Miaka yote mke wangu ananyunyiza uwanja, sikusema."

Mchana ulipita. Milima ikawa myeusi, na mvua ikaja yote kwa pamoja, ile inayopiga bati mpaka mtu aliye kando yako humsikii. Fundi hakuinuka kwenda kufunika kitu. Mimi nilikuwa nimebandika sikio kwenye mlango wa leba tangu asubuhi, nasubiri sauti moja tu, na sasa bati lilikuwa linanguruma juu yangu na singeweza kusikia hata kama angelia mtoto wa ng'ombe. Huo ndio woga mkubwa kuliko wote nilioupata maishani. Kwenye njia nilikuwa na nyasi za kutandaza. Hapa sikuwa na kitu cha kufanya. Nilisali, nikachanganya sala, nikamwahidi Mungu mambo ambayo mengine sijayatimiza mpaka leo. Nilijiambia ameshalia sikumsikia. Nilijiambia hakulia. Bi Sefroza alinishika mkono mgumu ule wenye gundi, akaukandamiza kwenye paja lake, na midomo yake ilikuwa inacheza lakini sikusikia anasema nini.

Mlango ukafunguka. Nesi Paskazia akatoa kichwa, uso umekunjamana, akapaza sauti kuishinda mvua.

"Nyie watu wa Domitila! Nguo za mtoto ziko wapi?"

Hatukuwa nazo. Kwetu mwanamke aliyezika hanunui kitu cha mtoto kabla hajamwona. Hata kipande cha kanga hatukuweka pembeni, tuliogopa kukiita kifo, maana kinasikiliza. Lakini si hilo lililonifunga mdomo. Mara mbili nilikuwa nimekaa kwenye benchi la namna ile, na mara mbili nesi alitoka taratibu, akafunga mlango nyuma yake, akaomba shuka moja huku anaangalia sakafu, akamwita mwanaume wa familia pembeni. Nguo hakuna aliyewahi kutuuliza.

"Hamnisikii? Nimfunge na nini, na gazeti? Mtoto anatetemeka humu!"

Bi Sefroza alikuwa ameshafungua kitenge chake cha juu, anakikunja na kupiga vigelegele kwa wakati mmoja, na kule juu kilimani wanawake wakavipokea. Mimi nilisimama. Nilimshika nesi mkono wa gauni, nikamchafua na nyasi zangu zote, na nilikuwa natetemeka kuliko huyo mtoto.

"Nesi," nikamwambia, "tafadhali, uliza tena."